PHQ-9 mezani kwa mshauri wa wanafunzi: inafaa wapi, inakwama wapi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili hajaonekana darasani wiki mbili. Jaribio la kwanza hakulifanya, la pili alikuja akakabidhi karatasi nyeupe. Wenzake wa dakhalia wanasema usiku halali, mchana haamki, na simu ya nyumbani anaiacha ilie. Anapokaa mbele ya mshauri na kuulizwa hali, jawabu huwa moja: "Alhamdulillahi, mwalimu, sina neno." Hajakusudia kudanganya. Ni adabu, na juu ya adabu kuna muhali: yeye hapendi kumtwisha mwengine mzigo wake, mwalimu hapendi kuchokonoa, mwenzake wa chumbani hapendi kuonekana mchongezi. Siku zinakwenda. Mtu aliyefaa kusaidiwa wiki ya tatu anakuja kugundulika wiki ya kumi na mbili, jina lake limo kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli.

Swali la mapitio haya ni kama karatasi ya PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa), inaweza kuupita muhali huo katika vyuo vyetu vya Unguja na Pemba. Jawabu letu ni ndiyo, kwa masharti. Iulizwe kwa mdomo na isigawiwe, pawe na sitara, na mshauri awe anajua mwanafunzi atapelekwa wapi kabla hajafika swali la tisa, lile la mawazo ya kufa. Sharti moja likikosekana, heri ibaki kabatini.

Kifaa chenyewe ni ukurasa mmoja. Kilitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2001. Kampuni ya dawa ya Pfizer ilitoa fedha za kukitayarisha, lakini yeyote anaruhusiwa kukinakili, kukitafsiri na kukigawa bila ya kuomba idhini wala kulipa, kwa hiyo gharama yake ni fotokopi. Kinauliza mambo tisa ya wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni na kukata tamaa, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa au umeiangusha familia, kushindwa kumakinika, mwendo na usemi kuwa mzito au kinyume chake mtu kutotulia, na la tisa, mawazo kwamba bora ufe au mawazo ya kujidhuru. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Alama 0 hadi 4 hazina uzito, 5 hadi 9 ni hali nyepesi, 10 hadi 14 ya wastani, 15 hadi 19 nzito kiasi, 20 na kuendelea nzito.

Chini yake kuna swali la kumi lisilohesabiwa: matatizo haya yamekutatiza kiasi gani katika kazi zako, nyumbani na katika kuelewana na watu? Wengi hulipita kwa sababu halina alama. Kwa chuo, sisi tunaliona ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote, maana hapo ndipo mwanafunzi anapotaja somo, jaribio, deni la ada au mtu. Mwenye alama 13 anayesema hajaweza kuingia maabara tangu mwezi uliopita ameshakwambia pa kuanzia.

Mpaka wa alama unaotumika sana kumshuku mtu kuwa ana sonona ni 10. Katika utafiti wa 2001, mpaka huo uliwanasa watu 88 katika kila 100 wenye sonona kali, na ukawaacha kwa haki 88 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Hao walikuwa wagonjwa wa zahanati za Marekani, na hapo ndipo penye kosa la kwanza la vyuo: kuigawa darasa zima, ikusanywe, majina yatolewe. Piga hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 200, na 20 kati yao wanaumwa kweli. Karatasi itawapata 18 na kuwakosa 2. Katika wale 180 wazima itawataja kimakosa 22. Mshauri anabaki na majina 40, zaidi ya nusu si wagonjwa, na hana saa za kuwaita wote. Wiki ya tatu anachoka, faili linafungwa, na wale 18 wamo humohumo. Itumike kwa mwanafunzi ambaye tayari ameonesha dalili: mahudhurio yameporomoka ghafla, kazi haziletwi, ugomvi usio kawaida yake, kujitenga na jamaa aliokuwa akila nao sahani moja, kugawa vitu vyake, au maneno ya kuaga kwenye status ya WhatsApp. Hizo mbili za mwisho hazingoji karatasi. Ni za siku hiyohiyo.

Sasa Kiswahili chake. Tafsiri zinazozunguka ni nzuri kwa jumla, lakini nyengine zina mtego ambao peke yake unaweza kuharibu hesabu nzima. Jawabu lenye alama 2 limeandikwa "zaidi ya nusu ya siku". Iliyokusudiwa ni zaidi ya nusu ya zile siku 14. Msomaji wa Kiswahili anafahamu kitu chengine kabisa: kuanzia asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Basi msichana anayelia kila usiku kwa saa mbili, siku zote 14, anajisemea kuwa saa mbili si nusu ya siku, anachagua "siku kadhaa", anapata 1 badala ya 3. Maswali tisa yakienda hivyo, mwenye 18 anatoka na 7 na kuambiwa apumzike. Dawa yake ni kuandika idadi ya siku kwa kalamu pembeni: siku 0 hadi 1 ni alama 0, siku 2 hadi 6 ni alama 1, siku 7 hadi 11 ni alama 2, siku 12 hadi 14 ni alama 3. Mgawanyo huu umeshatumika katika tafiti kubwa za afya huko Marekani na haubadilishi kitu katika jumla. Weka na kalenda mezani, umwoneshe kwa kidole: "Tangu Ijumaa ile mpaka leo."

Swali la nane limebeba mambo mawili yanayopingana, uzito na kutotulia. Liulize mara mbili, uchukue alama iliyo kubwa. La saba, la kumakinika, linatoa mfano wa gazeti na televisheni. Ongeza noti na kumsikiliza mhadhiri, usiondoe kilichopo. Neno la ugonjwa lisitajwe mwanzoni. "Sonona" wengine hawalijui, "unyogovu" linasikika la mbali, na ukisema "ugonjwa wa akili" mazungumzo yamekwisha. Uliza kuhusu moyo mzito, roho kukosa raha, mawazo mengi. Hilo la mwisho karatasi haina kabisa, na ni upungufu wa kweli. Kule Zimbabwe, mradi wa ushauri nasaha wa Friendship Bench unatumia dodoso la maswali 14 la ndiyo na hapana lililojengwa juu ya maneno ya Kishona yenyewe, likiwamo wazo la kufungisisa, yaani kufikiri mno. Mwanafunzi wetu naye huanza hapo: "Nawaza sana, mwalimu." Mwache aanze na hilo, kisha ndio uingie kwenye swali la kwanza.

Swali la sita, la kujiona umeshindwa au umeiangusha familia, ndilo linalogonga zaidi huku. Kijana wa Micheweni, Pemba, ambaye mzee wake ameuza karafuu za msimu mzima kumlipia mwaka wa kwanza, akipigwa sapu tatu (mitihani ya kurudia), hataona kwamba amefeli masomo matatu. Ataona ameivunja nyumba. Usikimbilie kumliwaza. Ulizia deni, ulizia ada, ulizia kama pesa ya kujikimu imeingia. Kuna alama zinazoshuka zaidi kwa barua moja ya chuo kwenda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, au kwa ratiba mpya ya kulipa ada iliyotiwa saini na mhasibu, kuliko kwa nasaha za mwezi mzima.

Na Ramadhani lazima itajwe, kwa sababu inavuruga maswali matatu kwa pamoja. Tarawehe, daku, usingizi uliokatika, chakula kilichobadilika saa, uchovu wa alasiri: mtu mzima wa afya anaweza kukusanya alama 3 katika usingizi, 3 katika uchovu, 3 katika chakula, jumla 9, na hana lolote. Wiki ya mitihani ni hivyohivyo. Mwengine ana 9 zilizotoka katika kukosa hamu, huzuni na kujiona ameshindwa. Jumla ni moja, watu wawili tafauti. Katika vipindi hivyo soma kwanza swali la 1, la 2, la 6 na la 9, ndipo utazame jumla, na rudia karatasi wiki mbili baada ya Sikukuu.

Tufike kwenye swali la tisa, ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Shirika la Afya Duniani linakutaja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29, umri wa wanafunzi wetu. Huku swali hili hujibiwa 0 kwa haraka, kwa sababu kila mtu anajua dini inasemaje, na kukiri hata wazo kunaonekana kama kukiri dhambi. Ukilisoma kama lilivyoandikwa, kwa sauti ya karani, utapata 0 kwa kila mtu. Lifungulie mlango: "Mwanangu, mtu akizidiwa na dhiki, hufika mahala akatamani Mungu amchukue tu apumzike. Na wewe imekufikia hiyo?" Kisha nyamaza. Hesabu kumi moyoni kabla ya kuongeza neno. Hofu ya walimu wengi kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo haina msingi. Tafiti zimelichunguza hilo na hazikuona madhara, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa.

Jawabu lolote juu ya 0, hata 1, hata jumla ikiwa 6, linaipindua hesabu yote. Karatasi inachanganya kutamani kufa na kutaka kujidhuru katika sentensi moja, haikwambii ni lipi, kwa hiyo ni juu yako kutenganisha hapohapo: ni kutamani tu au umefikiria kujidhuru mwenyewe? Umefikiria utafanyaje? Umepanga lini? Kitu chenyewe unacho karibu? Umewahi kujaribu kabla? Mwenye njia, au muda, au aliyewahi kujaribu, haachwi peke yake hata kwenda msalani, na anapelekwa hospitali leo, akifuatana na mtu mzima anayemwamini. Mlezi wa dakhalia anaondoa chumbani vitu vya kujidhuria, zikiwamo dawa zilizolimbikizwa, bila ya kutangaza sababu. Aliyetamani tu bila ya mpango anaondoka na mambo matatu mkononi: jina la mtu atakayelala naye chumba kimoja usiku huo, namba ya simu itakayopokelewa saa nane za usiku, na miadi ya kesho yake yenye saa. Kumwambia "ukizidiwa njoo" hakumsaidii, kwa sababu kuzidiwa ndiko kunakomzuia kuja.

Unguja pa kupeleka ni Hospitali ya Kidongo Chekundu, ya magonjwa ya akili, au kitengo cha dharura cha Mnazi Mmoja ikiwa amejidhuru au amekunywa kitu. Pemba ni hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani, ile iliyo karibu. Mshauri asingoje siku ya tukio kujua nani anapokea. Aende mwanzo wa muhula, ajue siku za kliniki, achukue namba ya muuguzi wa zamu, akubaliane naye barua ya rufaa iandikwe nini. Barua yenye mistari mitano inatosha: umri, mabadiliko yaliyoonekana na tarehe yalipoanza, alama za PHQ-9 pamoja na swali la tisa peke yake, dawa anazotumia, na nani wa kupigiwa simu. Kwa wanafunzi wa cheti walio chini ya miaka 18 kuna pia simu ya mtoto, 116.

Karatasi hii ina vipofu vyake, na mshauri avijue. Haioni saikosisi: mwanafunzi anayesikia sauti, au anayeamini kundi zima la darasa kwenye WhatsApp linamfuatilia, anaweza kupata alama 4, naye ndiye anayehitaji daktari mapema kuliko wote. Haioni kupanda kwa hisia kupita kiasi: mtu haoni haja ya kulala, anasema bila ya kupumua, ametumia ada yote kwa siku mbili. Mtu huyo akija wiki za kushuka, karatasi itasema sonona, na vidonge vya sonona peke yake vinaweza kumrusha juu zaidi. Kwa hiyo daima uliza: umewahi kuwa na wiki ya kinyume chake? Haioni unga, bangi wala mirungi. Haioni upungufu wa damu, ambao unaweza kujaza maswali ya uchovu na umakini, kwa hiyo mwenye 10 na zaidi apimwe damu mara moja. Haioni mimba, na haioni rushwa ya ngono. Msichana ambaye alama zake zimepanda tangu apangiwe msimamizi fulani hatalitaja jina hilo kwa mshauri wa kiume anayekaa ofisi ya jirani. Chuo kiwe na mshauri mwanamke, na wanafunzi waambiwe siku ya kwanza kwamba wanaweza kumchagua.

Familia nayo ina nafasi yake. Mara nyingi simu ikipigwa Pemba, neno la mwanzo ni kwamba arudishwe nyumbani asomewe Kurani. Mshauri anayebishana hapo anampoteza mwanafunzi, kwa sababu ataondoka na boti ya kesho na hatapatikana tena. Kisomo hakizuii dawa, na dawa hazizuii kisomo. Omba mambo mawili tu, kwa heshima, kwa mzee mwenyewe: vidonge visikatishwe, na asifungwe wala asipigwe. Ukiwa na sheikh wa mtaa anayelifahamu jambo hili, mwache aseme yeye.

Sitara ni nusu ya kazi. Tumeona ofisi ambapo mwanafunzi anajibu huku mlango uko wazi na karani anachapa barua pembeni, na tumeona karatasi zikipigwa picha kutumwa kwenye kundi la walimu "kwa taarifa". Baada ya hapo hakuna mwanafunzi wa chuo hicho atakayejibu kweli, na ana haki. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, viti viwili vya kimo kimoja, meza isiwe katikati. Mwanzo sema wazi mipaka: "Kaa kitako, mwanangu. Tutakayozungumza hayatoki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwengine yamo hatarini. Hapo nitamwambia mtu, na wewe utakuwa wa mwanzo kujua." Karatasi iandikwe namba badala ya jina, daftari la namba likae kabati jengine, na lolote lisiingie kwenye faili la masomo. Tenga dakika 40 hata kama maswali yenyewe yanakwisha kwa dakika tano.

Walezi wa dakhalia na viongozi wa madarasa hawafai kupewa karatasi hii, hata wakiwa na moyo mzuri. Wao wafundishwe mambo matatu ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia ya Shirika la Afya Duniani: tazama, sikiliza, unganisha. Akihitajika mtu wa kuchuja haraka, maswali mawili ya mwanzo yanatosha, na jumla ya 3 katika 6 inamleta mwanafunzi kwa mshauri.

Kwa kufuatilia maendeleo, karatasi hii hatujaona ya kuishinda kwa bei hiyo. Rudia kila wiki mbili hadi nne, kwa mtu yuleyule kuuliza, chumba kilekile. Kushuka kwa alama 5 ni nafuu ya kweli. Kushuka kwa 2 kunaweza kuwa ni siku nzuri tu. Ikiwa wiki ya sita imefika na alama ziko palepale, mpango ubadilishwe: rufaa, au kuahirisha muhula kwa barua rasmi, au vyote viwili. Kuahirisha kwa barua kunamwachia nafasi yake chuoni. Kutoroka bila ya barua kunamtoa, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa mgonjwa.

Kabla ya chuo kufungwa, kila aliyekuwa na 10 na zaidi aulizwe tena. Afanyiwe hivyo siku tatu kabla ya safari. Siku yenyewe ya safari, begi likiwa mlangoni, hakuna anayejibu vizuri. Siku hizo tatu ni za kumpigia simu muuguzi wa Chake Chake, kumwandikia barua atakayoibeba, na kuhakikisha anapanda boti na dawa za likizo nzima pamoja na za siku tano za ziada, bahari ikichafuka.